Hatukuja Kuombewa, Tumekuja Kushukuru

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nilipoomba radhi kanisani mpaka mate yakanikauka kinywani. Nilimwomba radhi mama aliyekaa mbele yangu, nikamwomba mzee aliyekaa nyuma yangu, nikawaomba wanakwaya nilipopita karibu nao, huku nimembeba binti yangu Esta anayepiga mateke na kulia. Kila benchi nililolipita niliacha samahani yangu hapo. Nilipofika mlangoni sikuwa na kitu kingine cha kusema.

Ngoja kwanza niseme kilichonileta. Jumapili iliyopita uliondoka kanisani unalia, na watu wakakupisha kama vile umebeba maji ya moto. Kwaya ilipoanza, mwanao Elia alijitupa sakafuni, akaziba masikio, akapiga kelele. Kijana mmoja mwenye beji ya uhudumu akakuinamia, akakwambia, "Mama, mpeleke nje kwanza, anaharibu ibada." Ukamwambia samahani. Ukamwambia samahani na dada wa pembeni yako, ambaye hata hakuwa amekuuliza kitu. Nilikusikia, mwanangu. Kisha katikati ya wiki nikasikia umesema hurudi tena, utakuwa unasali nyumbani. Ndiyo maana leo nimepanda ngazi zote hizi za ghorofa lenu la Kariakoo na magoti yangu haya. Kuna maneno hayasemwi kwa simu.

Chai yako nzuri. Na huyo Elia mwache azungushe kifuniko chake cha sufuria, hanisumbui. Usimnyang'anye kwa sababu mgeni amekuja.

Esta ndiye mzaliwa wangu wa kwanza. Tulipompata, tulikuwa tumepanga Ilala, chumba na ukumbi, mimi na baba yake aliyekuwa kuli bandarini, pamoja na mama mkwe wangu, Bibi Twilumba. Bibi alikuwa mtu wa Njombe, akiuza viazi sokoni Kariakoo, kule chini tunakokuita shimoni. Sauti yake ilikuwa ya kuuzia viazi. Hata akikuuliza umeamkaje, ungedhani umemkosea jambo.

Esta alichelewa kusema, na alipoanza, alirudia maneno yako badala ya kukujibu. Ukimwuliza, "Unataka uji?" naye anakwambia, "Unataka uji?" Alitembea kwa ncha za vidole. Hakupenda kuguswa kichwa, na kumsuka ilikuwa vita. Milio ya mafundi wa mtaa wa Gerezani wanaokata vyuma ilimtesa, kwa hiyo tukienda huko tulizunguka mbali, hata kama jua lilikuwa kali. Siku hizo sisi hatukulijua neno usonji. Majirani walisema pepo, wengine walisema nimechezewa, na shangazi mmoja alisema nilikula mayai nikiwa na mimba. Mhubiri mmoja mgeni aliletwa nyumbani kwetu, akamkandamiza Esta utosini ili pepo litoke. Esta akamng'ata kidole. Mpaka leo nimelitafuta kosa la Esta hapo sijaliona.

Basi Jumapili ile kanisa lilikuwa limenunua spika mpya, kubwa kama kabati. Kinanda kilipolia, Esta alipiga yowe, akajibamiza kwenye benchi. Mzee wa zamu siku hiyo alikuwa Mzee Hosea, mtu mrefu, suti yake imenyooka, aliyeheshimiwa na usharika mzima. Akanijia taratibu, akaniambia, "Mama Esta, mtoto huyu muwe mnamwacha nyumbani. Hapa ni mahali pa utulivu." Alisema mahali pa utulivu huku spika zikitikisa madirisha! Na mimi, badala ya kumwambia hivyo, nikaanza zile samahani zangu.

Bibi Twilumba alikuwa amekaa na akina mama wenzake mbele. Hakunifuata. Alibaki mpaka ibada ikaisha, akarudi nyumbani, akavua viatu, akaniita ukumbini.

"Mkwe wangu, umeomba radhi ya nini?"

"Mama, mtoto alisumbua watu."

"Sijakuuliza alifanya nini. Nimekuuliza umeomba radhi ya nini. Ameiba?"

"Hapana, mama."

"Ametukana mtu?"

"Hapana, mama."

"Basi umewaomba radhi kwa kuwa umemzaa. Umesimama mbele za watu ukasema samahani, nimemzaa huyu. Na yeye alikuwa mgongoni mwako, anasikia. Usidhani hasikii kwa kuwa hakujibu."

Nililia, mwanangu. Nilikuwa binti mdogo tu, nimechoka, silali vizuri, na ninajua barabara nzima wananisema. Nikamwambia kwamba sirudi tena kule, tutasali chumbani, Mungu yuko kila mahali. Nilisema maneno yale yale unayoyasema wewe. Bibi akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mungu yuko kila mahali, na pale kanisani yupo pia. Tutarudi. Ukimwomba mtu radhi tena kwa ajili ya mjukuu wangu, mimi na wewe hatuli sahani moja." Kisha akaenda kulala, akaniacha naliogopa kanisa na namwogopa yeye pia.

Sasa unaijua desturi yetu ya shukrani. Mtu akijifungua salama, akipona, akimaliza chuo, anajiandikisha ofisini kwamba Jumapili fulani atamshukuru Mungu. Ndugu na majirani wanavaa sare, wanamsindikiza hadi mbele kwa wimbo, mchungaji anamwombea, na kuku na mikungu ya ndizi aliyoleta inakwenda kupigwa mnada uani baada ya ibada. Shukrani haikataliwi. Mzee wa kanisa anaweza kukukatalia mambo mengi, lakini hawezi kukwambia usimshukuru Mungu. Bibi Twilumba alilijua hilo. Akaenda ofisini akaandikisha shukrani ya familia. Walipomwuliza ya jambo gani, akawaambia watalisikia siku hiyo hiyo.

Akaingia shimoni akawakusanya wenzake. Wauza viazi, wauza vitunguu, na Bi Mwanahawa, Mwislamu wa Gerezani aliyeuza nazi meza ya jirani. Bi Mwanahawa akauliza, "Twilumba, mie nitaingia kanisani nikafanye nini?" Bibi akamjibu, "Utafanya kama nilivyofanya mimi kwenye maulidi yenu. Utakaa, utakula pilau." Vitenge vikanunuliwa Mtaa wa Uhuru, vya kijani, na Bi Mwanahawa akashonesha na ushungi wa kitambaa hicho hicho.

Lakini kazi kubwa aliifanya na Esta. Alasiri akitoka sokoni alimchukua mpaka kanisani. Mlinzi alikuwa mtu wa Njombe, alimfungulia bila maneno. Kanisa likiwa tupu, alimwacha mtoto aguse mabenchi, aguse kuta, aikague ile spika iliyozimwa. Alimwonyesha mlango watakaoingilia na mahali watakaposimama. "Tutaingia hapa. Tutaimba. Mchungaji atasema. Tutatoka pale." Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu, mpaka ikawa Esta ndiye anayemtangulia, anagusa benchi moja baada ya jingine, anasema, "Tutatoka pale." Niliwatazama nikiwa mlangoni, nikajiuliza kwa nini hakuna mtu aliyewahi kufikiria jambo jepesi namna hii.

Jumapili ikafika. Tumejipanga mlangoni, sare zetu zinang'aa, Mchungaji ametutangaza. Kijana wa vyombo akafungulia spika kwa furaha yote aliyonayo. Esta akakakamaa. Mikono masikioni, macho ameyafumba, nikaona yowe linakuja. Mimi mwenyewe samahani ilishafika ulimini.

Bibi Twilumba akatoka kwenye mstari. Akatembea mpaka ukutani, akachomoa waya.

Kinanda kikanyamaza katikati ya wimbo. Watu wote wakageuka. Mzee Hosea akasimama. "Bibi, unafanya nini?"

"Naandaa shukrani yangu, mzee."

"Huwezi kuzima vyombo vya kanisa."

"Nimeshazima. Wazee wetu waliimba bila umeme na Mungu akawasikia. Kaa chini, tusije tukachelewa mnada."

Kuna watu walicheka. Mzee Hosea hakucheka, lakini alikaa. Ndipo wale wanawake wa shimoni, ambao sauti zao zinapita malori, wakaanza kuimba kwa chini kabisa, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Esta akateremsha mkono mmoja. Baadaye akateremsha wa pili. Akaanza kutembea kwa ncha za vidole, anagusa benchi hili na hili, njia aliyofundishwa, na sisi sote nyuma yake. Nilikuwa namwangalia kisogoni na machozi yananitoka, na wala si ya aibu.

Tulipofika mbele, Mchungaji akashuka. Alikuwa kijana, mtu mwema. Akanyoosha mkono kwenye kichwa cha Esta, akafumba macho, akaanza, "Bwana, tunakusihi umponye mtoto huyu, umfungue…"

Bibi akamkamata kifundo cha mkono. Kanisa zima lilishtuka, nilisikia pumzi za watu.

"Mchungaji, baba yangu, subiri. Siku tukiwa na malaria tutakuja utuombee tupone. Leo hatukuja kuombewa, tumekuja kushukuru. Mungu amenipa mjukuu, huyu hapa. Mmemtoa nje kama mwizi, mimi nimemrudisha. Mtu akileta kuku hapa mnasema asante Mungu. Mimi nimeleta mtoto. Sema na wewe asante."

Mchungaji amesimama, mkono wake bado umeshikwa. Ndipo Esta akasema, kwa sauti safi, huku anatazama vifungo vya joho, "Sema na wewe asante."

Mchungaji akaushusha mkono. Akapiga magoti sakafuni mpaka akawa sawa na mtoto, akaweka mikono yake nyuma asije akamgusa, akasema, "Asante Mungu kwa ajili ya Esta." Hakuongeza neno. Bi Mwanahawa ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza, lakini alitoka kwanza mpaka nje kabisa, kwa kuwa alijua Esta angeshtuka. Wengine wakapunga vitambaa kimyakimya.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kilinyooka siku hiyo. Mzee Hosea alikuwa mgumu mpaka alipostaafu uzee wa kanisa. Kuna familia moja ilihama benchi kila tulipokaa karibu nao, na mimi nikawa nawasalimia kwa sauti kubwa makusudi, "Bwana asifiwe!", wakawa hawana budi kuitikia. Lakini spika zilishushwa. Mama mmoja wa kwaya alijitolea kukaa na Esta ili na mimi nipate kupokea meza ya Bwana nimetulia, jambo ambalo sikuwa nimelionja tangu nizae. Hujui ulivyo na njaa ya kitu mpaka ukipate.

Esta alipofika umri wa kipaimara, mwinjilisti alisema haiwezekani, kwani mtoto lazima aulizwe maswali mbele ya usharika. Bibi Twilumba alikuwa ameshafariki. Kwa mazoea nikamngoja Bibi amjibu, nikasahau kwamba zamu imenifikia mimi. Nikamwambia mwinjilisti aje aulizie maswali yake uani kwetu, Esta akiwa amekaa kwenye ndoo yake anayoipenda. Akaja. Mengine alijibu, mengine aliyarudia tu kama alivyoulizwa. Mwinjilisti akakuna kichwa. Nikamwambia, "Mwalimu, mwaka jana mtoto wa mwenyekiti alijibu maswali mangapi? Tulikuwepo." Esta akapata kipaimara chake, mwanangu, amevaa gauni jeupe lisilo na lebo shingoni, kwa sababu lebo zinamwasha.

Leo ni mwanamke mzima. Tunachambua viazi pamoja. Kanisani anasimama kando ya nguzo ya pili, na vijana wa vyombo walifundishwa kwamba mkono wa Esta ukipanda, sauti inashuka. Amewasaidia wengi bila wao kujua. Wazee wenye presha, wajawazito, yule kijana wa useremala anayetetemeka watu wakiwa wengi. Wote wamepumua kwa sababu ya mkono ule.

Jumapili iliyopita nilimwona Esta ameinua mkono. Alikuwa ameuinua tangu kabla Elia hajaanza kulia. Lakini vyombo ni vipya, vijana wanaovipiga ni wapya, kamati ni mpya, na hakuna aliyetazama nguzo ya pili. Kwa hiyo usijiulize mwanao ana nini. Mwanao alilia mahali ambapo mtu mzima aliomba msaada na hakusikilizwa.

Nami sasa ni mzee wa kanisa, nimekalia kiti kile kile cha Mzee Hosea, na sikukipokea ili niote jua. Wiki hii nimesimama kwenye baraza la wazee. Wakaniambia, "Mama Esta, kanisa linakua, vijana wanapenda muziki." Nikawaambia waupige wanavyopenda, ila mkono ukipanda washushe, na asiyeweza kushusha akabidhi nyaya za spika kwa mwingine. Nimewaambia kile chumba wanachotunzia viti vya plastiki kisafishwe, kiwekwe mkeka na feni, mtoto akizidiwa aende apumzike humo na mtu anayemjua, kisha arudi. Kurudi ndiko muhimu. Chumba hicho kisije kikawa jela ya watoto wetu. Walimu wa shule ya Jumapili waje wakuulize wewe Elia anapenda nini, kabla hawajaenda kusoma vitabu. Na mhudumu wa mlangoni, akimwona mtoto ameanguka, kazi yake ni kumwuliza mama, "Nikusaidie nini?" Basi. Nikawaambia, mkitaka kwenda nyumbani kumwombea mtoto, mwende na wali na maharage, mumwache mama alale saa nzima. Hapo mtakuwa mmeomba.

Mmoja akauliza, tutafanya hayo yote kwa ajili ya mtoto mmoja? Nikamwambia ndiyo. Kwa ajili ya mmoja. Akakaa chini.

Sasa nasaha yangu kwako, mwanangu, na ndiyo iliyonipandisha ngazi. Umpeleke hospitali, ndiyo, umpeleke kwa wanaojua usonji, usikilize wanachokufundisha. Usimpeleke kwa mtu yeyote wa kumkandamiza kichwa. Chukua siku katikati ya wiki umlete Elia kanisani likiwa tupu, na kifuniko chake mkononi, nitawafungulia mimi. Mwambie baba yake aje naye, mtoto huyu hakuzaliwa na mama tu. Ukichoka, sema umechoka, tutampokea. Siku ukishindwa kuja, usije, hakuna atakayekuhesabia. Lakini usibaki nyumbani kwa sababu ya kijana mwenye beji. Na hilo neno samahani, liweke kabatini. Ukimkanyaga mtu mguu, litoe. Kwa ajili ya Elia, usilitoe tena, kwa maana anasikia.

Nimeshaandikisha ofisini. Jumapili ijayo kuna shukrani ya familia, sikuwaambia ya nini. Kitenge hiki hapa kwenye mfuko, cha kijani, na kipande cha shati la Elia nimekata, nimemwambia fundi asiweke lebo. Usiseme huna cha kushukuru. Mtazame.

Mungu akupe usingizi, akupe na watu wa kukushikia mtoto. Akulinde na wenye huruma ya kelele. Mikono yako isichoke, na shingo yako isiiname mbele ya mtu kwa sababu ya uzao wako. Elia na akue apendavyo Mungu, si wapendavyo majirani. Na Jumapili ukiingia, tazama nguzo ya pili. Esta akiinua mkono na wasishushe, mimi nimekaa karibu na waya.